Ni plastiki, ni uzito, au ni mkono wangu?

"Habari yako, mwalimu. Mimi ni Mkenya, naishi Minnesota, na nilianza kucheza diski gofu, ule mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu cha minyororo, kiangazi kilichopita na wenzangu wa kazini. Nilinunua draiva, yaani diski ya kurushia mbali, ya kampuni ya Innova, ile iitwayo Destroyer, plastiki ya Champion, gramu 175, kwa sababu muuzaji aliniambia ndiyo inayoenda mbali. Nikirusha bekihendi (mkono ukivuka kifua, mgongo wa kiganja mbele) kwa mkono wa kulia haifiki hata mita 70. Kila mara inakata kushoto na kujibwaga. Rafiki yangu ana Destroyer ya plastiki ya DX, gramu 168, imechakaa kabisa, na yake inanyooka. Mmoja ananiambia ninunue ya plastiki ya Star, mwingine anasema tatizo ni uzito, nichukue ya gramu 150. Nimejaribu kurusha kwa nguvu zaidi mpaka kiwiko kimeanza kuuma. Halafu Desemba naenda nyumbani Eldoret na ningependa kuwapelekea wapwa zangu diski chache. Ninunue plastiki gani, uzito gani?"

Salama sana, ndugu yangu, na pole kwa kiwiko. Hicho nitakirudia, maana ndicho kilichonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine.

Kama nimekuelewa, umeuziwa diski ya kwenda mbali, haiendi mbali, na sasa una washauri wawili. Mmoja anaapa kwa plastiki, mwingine anaapa kwa uzito. Kila mmoja ameshika ukweli kidogo. Ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza kasi ya mkono wako, na hapo ndipo ningeanzia mimi.

Destroyer imepewa tarakimu nne: 12, 5, -1, 3. Ya kwanza ni mwendo, ya pili ni kuelea, ya tatu ni jinsi inavyogeuka mwanzoni ikiwa bado ina kasi, ya nne ni jinsi inavyokunja mwishoni ikichoka. Watu wengi huisoma hiyo 12 kama ahadi ya umbali, ilhali ni deni. Diski inakudai kasi kwanza, ndipo ikupe kilichoandikwa. Mtu anayeitendea haki draiva ya mwendo 12 kwa kawaida ni yule ambaye tayari anavuka mita 100 kwa diski za polepole zaidi. Wewe uko mita 70. Ni sawa na kupanda mlima kwa gia ya tano: injini ni nzima, gari ni zima, lakini mtabaki mnatetemeka barabarani. (Na draiva si dereva, ingawa nimewajua madereva wa matatu wenye tabia hiyo hiyo ya kutotii mpaka waone kasi.)

Ili uone kwa nini plastiki na uzito haviwezi kulipa deni hilo, inabidi tutazame kinachotokea hewani. Utotoni sisi tulirusha mifuniko ya sufuria, na tulichapwa kwa ajili hiyo. Kama nawe ulirusha, utakumbuka kwamba mfuniko ulianguka upande ule ule kila mara, hata ulenge vipi. Diski yako inafanya vivyo hivyo, na sababu ni ile ile.

Diski ni bawa, na papo hapo ni pia, ile ya watoto ya kuzungusha. Kama bawa, hewa huiinua. Lakini msukumo wa hewa hauishiki katikati barabara. Diski inapokwenda kasi huku uso wake ukiwa sambamba na njia, msukumo huangukia nyuma kidogo ya kitovu, kwa hiyo unataka kuinamisha pua yake, yaani ukingo wa mbele. Inapopoteza mwendo na kuanza kushuka, hewa huigonga kutoka chini, msukumo husogea mbele ya kitovu, na sasa unataka kuinua pua. Kama diski isingekuwa inazunguka, ingepinduka tu kama ungo uliopeperushwa na upepo.

Ila inazunguka, na kitu kinachozunguka kina ukaidi wake. Chukua gurudumu la mbele la baiskeli, shika ekseli kwa mikono miwili, mtu alizungushe kwa nguvu, kisha ujaribu kuliinamisha. Halitakufuata, litajipinda kwa upande mwingine, nyuzi 90 kutoka ulikosukuma. Diski ni hivyo hivyo. Ukirusha bekihendi kwa mkono wa kulia, ikitazamwa kutoka juu inazunguka kama mishale ya saa. Hewa inapojaribu kuinamisha pua, diski huegemea kulia. Hewa inapojaribu kuinua pua, huegemea kushoto. Ile -1 ni hadithi ya kulia, ile 3 ni hadithi ya kushoto. Mrusho mzuri huanza na ya kwanza ukamalizia na ya pili, ndiyo maana ukiutazama kutoka nyuma unachora herufi S iliyolala. Diski yako haifiki hata siku moja kwenye kasi ya hadithi ya kwanza. Inaanzia kwenye ya mwisho.

Sasa plastiki. Hewa haisomi jina lililopigwa chapa mgongoni, inasoma umbo. Plastiki hubadilisha mruko kwa kadiri inavyobadilisha umbo, ugumu na kuchakaa, basi. DX ni plastiki ya msingi, rahisi, karibu dola 10. Champion na Star ni za jamii ya poliurethani, ngumu kuchakaa, na bei yake inakaribia dola 20. Zote huyeyushwa na kushindiliwa kwenye kalibu ya chuma, kisha hupoa. Hapo ndipo mambo yanapoanza. Kila plastiki husinyaa kwa namna yake inapopoa, kwa hiyo kalibu moja hutoa diski zenye jina moja na maumbo yanayotofautiana kidogo.

Usiniamini kwa maneno tu. Weka Destroyer yako na ya rafiki yako juu ya meza ya jikoni, inama hadi jicho liwe sawa na meza, na uwashe tochi ya simu kwa nyuma. Tazama mambo mawili. La kwanza ni mgongo: mmoja huenda umevimba kama chapati iliyopata moto vizuri, mwingine umelala. Mgongo uliovimba mara nyingi huelea zaidi. La pili ndilo zito. Pitisha kucha kwenye ukingo wa nje, utahisi mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Pima kwa jicho mstari huo uko juu kiasi gani kutoka mezani. Ukiwa juu, diski huwa kaidi, yaani huvuta kushoto mapema. Wachezaji huiita ovastebo. Ukiwa chini, diski hugeuka kwa urahisi. Hiyo ni andastebo. Tofauti ya chini ya milimita moja inatosha kukubadilishia mruko.

Kwa diski mpya za jina moja, mara nyingi Champion ndiyo kaidi zaidi, Star hufuata, na DX ndiyo tiifu. Nasema mara nyingi kwa makusudi, kwa sababu nimewahi kushika Star iliyoizidi Champion kwa ukaidi, zimetoka kiwandani nyakati tofauti. Kwa hiyo aliyekuambia ununue Star hakukudanganya, utapata unafuu. Utapata draiva ya mwendo 12 iliyo kaidi kidogo pungufu, na bado mwendo wa 12 utakudai.

Kilichonichekesha kwenye barua yako ni hiyo DX ya rafiki yako. Yeye hana plastiki bora, ana diski iliyopigwa na miti. DX ni laini. Kila inapogonga gogo, pua ya ukingo hubonyea na kuviringika, na ule mstari uliouhisi kwa kucha ni kama unashushwa. Msimu mmoja wa viwanja vya msituni unatosha kuigeuza Destroyer kaidi kuwa kiumbe kingine. Champion ingehitaji miaka. Wachezaji wazoefu hulitumia jambo hili: wanabeba diski tatu za jina moja, mpya, ya makamo na mzee, na kila moja ina kazi yake. Ukimwona mtu anakataa kukuuzia diski iliyochubuka kwa bei ya mpya, usimwone mchoyo.

Mkamato nao ni sehemu ya plastiki, na nadhani unasahauliwa mno. DX hushikika vizuri mkono ukiwa mkavu. Champion ikilowa huteleza kama sabuni, na diski inayokuponyoka nusu sekunde mapema haiendi popote, hata iwe na tarakimu gani. Baridi yetu ya huku huzidisha: plastiki hukakamaa, vidole hufa ganzi, na hewa yenyewe huwa nzito zaidi, kwa hiyo Januari usijipime kwa mita za Julai. Wanaocheza kwenye theluji hubandika utepe chini ya diski ili ikizama waufuate mkia.

Tuje kwenye uzito. Kwanza hiyo 175 haikutoka hewani. Kanuni za PDGA, chama cha wachezaji kilichoanzishwa mwaka 1976, huruhusu gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Draiva nyingi zina kipenyo cha karibu sentimita 21.1, zidisha, utapata 175. Kwa hiyo umebeba uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Ya rafiki yako ni pungufu kwa gramu 7. Sarafu ya senti 5 ya Marekani ina gramu 5 kamili, kwa hiyo tunazungumzia sarafu moja na nusu hivi.

Watu hudhani diski nyepesi huenda mbali kwa sababu mkono unairusha kwa kasi kubwa. Kidogo tu. Mkono wako wenyewe una kilo kadhaa, na kuupunguzia sarafu mbili hakuufanyi uwe upinde. Faida iko kwingine. Nguvu ya hewa inayoinua diski hutegemea umbo na kasi, haitegemei uzito. Kwa hiyo nguvu ile ile ikikuta mzigo mwepesi, inaubeba kwa urahisi hata kama kasi ni ndogo. Pili, diski nyepesi inayozunguka kama pia ina msimamo mdogo. Hewa inapoisukuma hukubali upesi, na hiyo hadithi ya kulia inapatikana kwa kasi ya chini zaidi. Kwa mkono wa polepole hayo yote mawili ni neema.

Gharama zipo. Kitu chepesi hupunguzwa mwendo na hewa haraka zaidi; rusha puto na rusha jiwe utaona. Na upepo huichezea. Ukirusha kuukabili upepo, diski huona kasi kubwa kuliko uliyoipa, kwa hiyo hugeuka kulia kupita kiasi, na nyepesi inaweza kujiviringa chini kabisa. Upepo ukitoka nyuma, huona kasi ndogo, hukosa kuinuliwa, na hukunja mapema. Siku ya upepo mkali wa kukabili, Champion yako ya 175 ndiyo ningeiomba nami.

Na ile ya gramu 150? Ipo. Innova wana plastiki yenye viputo vidogo vya hewa ndani, Blizzard Champion, ambayo huwawezesha kutengeneza draiva nyepesi hivyo. Itakusaidia, sitakuficha. Lakini bado ukingo wake ni mpana, bado umbo lake ni la mwendo 12. Utakuwa umelipa dola nyingine 20 kununua nusu ya dawa.

Kwa hiyo kama ungekuwa umesimama hapa mbele yangu na hela mkononi, ningekupangia hivi: kwanza kasi ya mkono na pua ya diski, kisha umbo la diski yenyewe, kisha umri wake, kisha uzito, na plastiki mwishoni. Ningekuuzia Leopard ya DX, gramu 165 hadi 170. Tarakimu zake ni 6, 5, -2, 1. Haidai kasi kubwa, hugeuka kwa hiari, hukunja kwa upole, na ukiipoteza ziwani hulii sana. Nina hakika utaipita Destroyer kwa mita kadhaa ndani ya wiki ya kwanza, na hutaamini. Ikianza kugeuka kulia kupita kiasi kila unaporusha, hiyo ni habari njema, mkono umekua. Hapo panda kwenye Sidewinder ya Star, 9, 5, -3, 1. Destroyer usiiuze. Iweke kabatini, itakusubiri.

Kama duka lako linauza za kampuni nyingine, usibabaike na majina. Discraft wana Pro-D badala ya DX, Z ikiwa karibu na Champion, ESP karibu na Star. Latitude 64 wa Sweden wana Retro, Opto na Gold kwa mpangilio huo huo, na Dynamic Discs wa Kansas wana Prime na Lucid. Majina ni mengi kuliko tofauti zenyewe.

Kuna jambo moja siwezi kulitatua kwa maandishi. Unaposema "inakata kushoto na kujibwaga", inawezekana kabisa unairusha ikiwa imeinua pua. Diski ya pua juu hupanda, husimama angani kana kwamba imesahau kitu nyumbani, kisha huanguka kushoto. Hakuna plastiki wala uzito unaotibu hilo. Jipime hivi: rusha Leopard kwa nusu ya nguvu, kimo cha kichwa. Ikinyooka, kosa lilikuwa la Destroyer. Ikipanda na kuanguka kushoto vile vile, kosa ni pua, na hapo unahitaji jicho la mtu. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, mwendo wa polepole, utazame diski katika sekunde inayoachana na mkono. Au nenda jioni wanapocheza watu wa ligi. Pale Kaposia, South St. Paul, au uwanja wowote ulio karibu nawe, kuna mzee atakayekurekebisha mshiko kwa dakika tano bila kukuuliza jina. Ni watu wakarimu kupita kiasi, nadhani kwa sababu wamechoka kueleza mchezo huu kwa wasiojua.

Kiwiko sasa. Diski haikukiumiza kwa uzito wake. Ulikiumiza kwa kulazimisha kasi kwa mkono mtupu, bila kiuno wala miguu. Pumzika kurusha wiki mbili. Ukirudi, rusha ukiwa umesimama tu, bila kukimbia, kwa nguvu ndogo. Lakini kama maumivu yanakuamsha usiku, au vidole vinakufa ganzi, au kunyanyua birika la chai kunakuuma, acha kabisa na umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Kano za kiwiko zikipumzishwa mapema hupona. Ukizibembeleza kwa dawa za maumivu ili umalize mashimo 18, utakuja kukosa msimu mzima.

Nimefurahi kuhusu Eldoret, na hapo uzito una maana kuliko huku. Mji uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, wakati Minnesota sehemu kubwa iko kwenye mita mia chache tu. Hewa ya kule ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na huku siku yenye joto sawa. Hewa haba maana yake msukumo haba: diski haiinuliwi vizuri, haigeuki kwa urahisi, na hukunja mapema. Wachezaji wanaosafiri kwenda Denver, iliyo mita 1,609, huona diski zao zote zimekuwa kaidi ghafla, na Eldoret iko juu zaidi. Destroyer yako kule ingekuwa tofali.

Kwa wapwa, basi, chukua diski nyepesi na tiifu: Leopard za DX za gramu 150 na kushuka chini, na moja au mbili za kurushia karibu. Ukingo wa diski hizo ni mwembamba, vidole vidogo vinaufikia. Rangi ziwe za kung'aa, waridi au chungwa. Kijani waachie wanaopenda kutafuta. Vikapu vya minyororo si lazima. Uwanja wa kwanza wa kudumu, Oak Grove kule California, mwaka 1975, ulianza na nguzo tu, na kila shamba la shule lina nguzo ya goli na mti wa mkalitusi.

Mwambie dada yako mapema afiche mifuniko ya sufuria. Diski zikiisha kupotelea kwenye mahindi ya jirani, watoto wataanzia pale pale tulipoanzia sisi.